Mlinzi wa Mali ya Asiyejimudu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hupendwa sana na wafanyabiashara, lakini maana yake ni nzito zaidi kwa watu ambao hawawezi kushika daftari wenyewe. Katika kila kabila na katika kila mtaa huzaliwa watoto ambao miili yao hukua, lakini akili zao hazifikii kiasi cha kununua na kuuza, wala cha kuweka fedha na kuzitumia kwa hesabu. Wengine huzaliwa na akili timamu, kisha ugonjwa au ajali ikawapokonya. Maadamu wazazi wao wako hai, watu hawa hula, huvaa, na hulala mahali pema. Walakini kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii huenda kitandani usiku akiwa na swali moja ambalo halimwachi: siku nitakapokufa, nani atamshikia mwanangu mali yake?

Swali hili si jipya, wala si la nchi moja. Katika insha hii tutaifuata safari ya jawabu lake, kutoka Roma ya kale, tupite katika sheria ya Kiislamu iliyofika pwani yetu na katika mahakama za Uingereza, mpaka tuingie katika sheria za Kenya. Tutaona ya kwamba watu wa nchi mbalimbali, ambao hawakusoma katika darasa moja, walijifunza jambo lile lile, na mara nyingi walijifunza kwa hasara. Jambo lenyewe ni hili: haitoshi kumwekea asiyejimudu mlinzi wa mali yake, hapana budi awepo na mtu wa kumkagua mlinzi huyo.

Tuanze na Warumi. Karibu mwaka 450 K.K. walikusanya sheria zao na kuziandika katika Mbao Kumi na Mbili, ili kila raia aijue haki yake. Sheria moja miongoni mwa hizo ilisema kwamba mtu aliyepotewa na akili, ikiwa hana mlinzi, awe chini ya mamlaka ya jamaa zake wa karibu wa upande wa kiume, yeye pamoja na mali yake. Na kama hana jamaa hao, basi ukoo wake umshike.

Ukiitazama sheria hii kwa juujuu, utaipenda. Nani amfaaye mgonjwa kuliko damu yake? Lakini tafakari kidogo. Jamaa hao wa karibu ndio hao hao waliokuwa warithi wake. Kila fedha iliyotumika kumlisha na kumtibu mgonjwa ilipungua katika urithi wa yule aliyepewa kazi ya kumlisha na kumtibu. Sheria ilikuwa imemweka mtu mmoja mahali ambapo wajibu wake wavuta huku na faida yake yavuta kule. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Warumi nao wakaligundua. Baadaye hakimu mkuu wa mji ndiye aliyekuwa akiwateua walinzi, wala hakulazimika kumteua mrithi. Katika karne ya 6 Kaisari Justinian wa Constantinople aliongeza masharti: mlinzi wa mtu aliyepotewa na akili aape akiwa ameshika Injili, aandike orodha ya mali yote aliyoikuta, na atoe dhamana. Kwa hiyo, baada ya miaka karibu elfu moja, kile kiapo, ile orodha na ile dhamana vikawa ndilo daftari la asiyejimudu. Lakini Warumi walikosea katika jambo jingine, nalo tutalirudia mwishoni. Sheria za Justinian ziliwaweka viziwi na watu wasioweza kusema katika fungu moja na wale waliopungukiwa na akili, wote wakawekewa walinzi, kana kwamba mtu asiyesikia kwa masikio hawezi kufikiri kwa kichwa.

Karne moja baada ya Justinian, sheria ya Kiislamu ilitoa jawabu lake, na jawabu hilo lilifika katika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na misikiti na makadhi. Katika Kurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 5, watu wanakatazwa kuwakabidhi wapungufu wa akili mali ambayo ndiyo tegemeo la maisha. Walakini aya hiyo haikomei katika kukataza. Yaamuru kwamba watu hao walishwe na kuvikwa kutokana na mali hiyo, tena waambiwe maneno mema. Msomaji na azingatie jinsi maneno mema yalivyowekwa pamoja na chakula na nguo. Asiyejimudu hakuhesabiwa kuwa tumbo tu la kujazwa. Alihesabiwa kuwa mtu wa kusemeshwa kwa heshima.

Aya inayofuata yahusu mali ya mayatima. Yasema kwamba mlinzi aliye tajiri ajizuie asiile mali hiyo, na aliye maskini ale kwa kadiri iliyo ya haki; na siku ya kuikabidhi mali kwa mwenyewe, wawepo mashahidi. Hapa tena twaliona lile jicho la pili. Mlinzi aaminiwe, lakini asikabidhi gizani.

Wanazuoni waliokuja baadaye walipanga nani awe mlinzi, yaani walii. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, ulinzi huo huwa wa baba, kisha wa babu mzaa baba, kisha wa wasii aliyeteuliwa nao. Na wote hao wasipokuwepo, kadhi huubeba yeye. Hivyo hakuna asiyejimudu aliyeachwa bila mlango wa kubisha.

Hata hivyo palibaki ugumu. Katika sheria hiyo mafungu ya urithi yamekwisha kupangwa, na wasia hauwezi kupita theluthi ya mali, wala haumfai mrithi ila warithi wenzake waridhie. Basi baba aliyetaka kumwachia mtoto wake dhaifu zaidi ya fungu lake hakuweza kufanya hivyo kwa wasia peke yake. Njia moja iliyokuwa wazi ni kutoa hiba angali hai. Njia nyingine ni wakfu. Mtu huifunga nyumba, au duka, au shamba la minazi, ili isiuzwe, isitolewe, wala isirithiwe. Mazao yake au kodi yake huwaendea watu aliowataja, na watu hao wakiisha, huwaendea maskini au msikiti. Mali yenyewe hushikwa na mtu aitwaye mutawali. Kwa njia hii baba aliweza kuwa na yakini kwamba, hata kama mwanawe hajui thamani ya duka, hakuna mjanja atakayemshawishi aliuze, kwa kuwa duka lenyewe haliuziki.

Sasa tuvuke bahari mpaka Uingereza, kwa maana sheria za huko ndizo zilizokuja kutawala nchi yetu baadaye. Mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14 iliandikwa huko sheria iliyoeleza haki za mfalme. Sheria hiyo iliwagawanya watu katika mafungu mawili. Yule aliyezaliwa na upungufu wa akili, ardhi yake ilishikwa na mfalme. Mfalme alimpa mwenye ardhi mahitaji yake, na mazao yaliyobaki akayachukua yeye, mpaka mwenyewe alipokufa na ardhi ikarudi kwa warithi. Lakini yule aliyepata wazimu baada ya kuwa mzima, mfalme aliilinda mali yake bila kuchukua faida. Alimlisha yeye na jamaa za nyumbani mwake, na baki likawekwa akiba, ili mwenyewe akipona alikute.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Katika fungu la kwanza mlinzi alifaidika, na palipo na faida, wanunuzi hawakosekani. Wafalme waliwapa watu wao wa karibu, au waliwauzia, haki ya kushika ardhi za wanyonge hao. Ili kujua nani aingie fungu lipi, watu kumi na wawili au zaidi waliitwa kumchunguza mtu. Mwaka 1534 mwanasheria Anthony Fitzherbert alitoa kitabu kilichoeleza kipimo: mtu asiyeweza kuhesabu peni ishirini, wala kumtaja babake au mamake, wala kusema ana umri gani, huyo ndiye mpungufu tangu kuzaliwa. Fikiri, ewe msomaji, jinsi maisha ya mtu yalivyoning'inia katika peni ishirini! Akizihesabu, ardhi ni yake. Akikosea, mazao yake yaingia mfukoni mwa mwingine.

Lakini Waingereza walikuwa na desturi nyingine iliyozaa tunda jema zaidi. Tangu zama za kati, mwenye shamba aliweza kuliandika kwa jina la rafiki anayemwamini, wakipatana kwamba rafiki huyo alishike kwa ajili ya mke au watoto wa mwenye shamba. Mahakama za kawaida ziliangalia jina tu. Kwa macho yao rafiki alikuwa ndiye mwenyewe, na kama akivunja ahadi, watoto hawakuwa na la kufanya. Ndipo wenye kudhulumiwa walipoanza kumwendea Lord Chancellor, waziri aliyeshika muhuri wa mfalme. Yeye hakuuliza jina la nani limeandikwa. Aliuliza dhamiri ya mtu huyo yasemaje. Alimlazimisha rafiki atimize ahadi au afungwe. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa amana ya kisheria: mali huwa na jina la mdhamini, lakini faida yake yote ni ya yule aliyekusudiwa.

Kuna kesi moja iliyoamuliwa mwaka 1726 ambayo wanafunzi wa sheria, hata wa Kenya, husomeshwa mpaka leo. Mdhamini mmoja alikuwa ameshika, kwa niaba ya mtoto mdogo, haki ya kukodi soko la Romford, karibu na London. Muda wa kukodi ulipokaribia kwisha, mdhamini alimwomba mwenye soko amwongezee mtoto yule muda. Mwenye soko akakataa, kwa sababu hakuona jinsi ya kumdai mtoto. Basi mdhamini akalikodi kwa jina lake mwenyewe. Akadhani hakufanya kosa, kwa kuwa alikwisha kumwombea mtoto na mtoto akanyimwa. Shauri lilipofika mbele ya Lord Chancellor King, yeye hakumwita mdhamini yule mwizi. Hata hivyo aliamua kwamba kati ya watu wote duniani, mdhamini peke yake ndiye asiyeruhusiwa kulikodi soko lile, na akamwamuru amrudishie mtoto soko pamoja na faida. Sababu yake ilikuwa wazi. Kama wadhamini wakiruhusiwa kuchukua kile walichoshindwa kuwapatia wanyonge, wangeshindwa upesi sana.

Twaona basi kwamba Uingereza nayo ilifika pale pale walipofika Warumi na makadhi. Haikusema walinzi wote ni wabaya. Ilisema kwamba hata mlinzi mwema asiwekwe mahali pa kushawishika.

Sheria hizi mbili, ya wakfu na ya amana, zilikuja kukutana, na zilipokutana ziligongana. Mwaka 1894 majaji wa Privy Council huko London, ambao walikuwa wakisikiliza rufani za makoloni yote, waliamua shauri moja kutoka India. Walisema kwamba wakfu uliowekwa kwa ajili ya jamaa, ambao fungu la maskini ndani yake liko mbali mno, si halali. Uamuzi huo ukafuatwa na mahakama za Afrika Mashariki pia. Nyumba zilizofungwa ili kuwalinda watoto zikawa katika hatari ya kufunguliwa na kugawanywa. India ilitunga sheria ya kuuondoa uamuzi huo mwaka 1913. Kenya ilingoja mpaka mwaka 1951, ambapo sheria ya Makamishna wa Wakfu ilikubali waziwazi wakfu wa jamaa, mradi mwisho wake uwaendee maskini au jambo la kheri. Mwaka 2022 Bunge la Kenya lilitunga sheria mpya ya wakfu.

Katika bara yetu, mbali na pwani, hapakuwa na maandishi ya amana, lakini amana yenyewe ilikuwepo. Tutwae mfano wa Wakikuyu. Ardhi ya ukoo wao, yaani mbari, ilikuwa na mwangalizi aliyeitwa muramati. Yeye alishika kwa niaba ya wote, wala hakuweza kuiuza bila ya idhini ya wenzake. Mtoto dhaifu wa mbari hakuhitaji wasia. Alikuwa na mahali pa kulala na pa kulima kwa kuwa alikuwa mtu wa mbari ile. Na muramati alikaguliwa na nani? Alikaguliwa na wazee, ambao walikuwa wakimwona kila siku.

Hali hiyo ilibadilika miaka ya 1950. Mwaka 1954 ulitangazwa mpango ulioitwa kwa jina la Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo. Kwa mpango huo vipande vya ardhi vya Waafrika vilikusanywa, vikapimwa, na kuandikishwa. Mwaka 1963 ikaja sheria ya ardhi zilizoandikishwa, iliyompa mwenye jina katika hati haki kamili. Faida zake zilikuwa nyingi: mkulima aliweza kukopa benki, na magomvi ya mipaka yalipungua. Lakini mahali pengi hati iliandikwa jina moja, na aghalabu likawa la kaka mkubwa. Yeye alijua moyoni kwamba ameandikwa kwa ajili ya nduguze, hati haikujua. Wazee waliojua walikufa mmoja mmoja, na hati ikabaki.

Kwa miaka mingi mahakama za Kenya zilihitilafiana kama amana ya mila ilikufa siku hati ilipotolewa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilitoa jawabu: amana ya mila haikufa, bali yaweza kumfunga mwenye jina, ikiwa yathibitishwa kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo au ya jamaa kabla ya kuandikishwa. Jawabu hilo liliwafariji wengi. Hata hivyo, ni faraja ya mtu mwenye kuweza kwenda mahakamani na kuleta ushahidi. Asiyejimudu hawezi kwenda peke yake.

Tuje sasa katika sheria ya urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Tuseme baba amekufa, na mkewe alikwisha kumtangulia. Ameacha ekari sita na watoto watatu walio wazima kwa umri, mmoja wao ni binti wa miaka thelathini mwenye ulemavu wa akili. Hakuandika wasia. Sheria yasema mali igawanywe sawasawa, kila mtoto apate ekari mbili. Je, si haki? Ni haki katika kugawa, lakini si haki katika kulinda. Kama binti angekuwa chini ya miaka kumi na minane, fungu lake lingeshikwa na wadhamini mpaka atimize umri. Lakini yeye amekwisha kuutimiza. Basi ndugu mmoja husema, "Andikeni ekari zake kwa jina langu, nami nitamtunza." Wote hushukuru, na shauri huisha.

Si lazima ndugu huyo awe mwizi. Yawezekana ampende dadake kwa moyo wote. Lakini akikopa na kushindwa kulipa, mnada hautaulizia ekari zipi ni za dada. Akifa, watoto wake watarithi kilichoandikwa jina la baba yao, na pengine hawakuwahi kuambiwa habari ya shangazi. Upendo wa ndugu huyo ulikuwa wa kweli, ila haukuandikwa mahali popote.

Sheria ile ile, hata hivyo, ina milango. Mzazi mwenye akili timamu aweza kuandika wasia mbele ya mashahidi wawili, aeleze fungu la mtoto wake litashikwa na nani na kwa masharti gani. Mtoto akiachwa nje ya wasia, au akipewa kidogo kisichomtosha, mahakama yaweza kuamuru apewe fungu la kutosha kutoka katika mali ya marehemu, baada ya kuangalia mahitaji yake ya sasa na ya baadaye. Ila maombi hayo lazima yaletwe kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Tena pale ambapo amana itaendelea kwa muda, sheria haikubali usimamizi apewe mtu mmoja peke yake, isipokuwa kama ni Kabidhi Wasii wa Serikali au shirika la wadhamini. Msomaji ataitambua busara hiyo. Ni ile ile ya mashahidi wa An-Nisaa na ya wazee wa mbari. Kwa upande wa Waislamu, tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 1990, urithi wao hufuata sheria ya Kiislamu, na Katiba yawapa makadhi mamlaka ya kuamua mashauri hayo.

Kuna pia sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989. Hiyo yairuhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu ambaye, kwa sababu ya maradhi ya akili, hawezi kuisimamia mwenyewe. Msimamizi huyo hawezi kuuza ardhi, wala kuiweka rehani, wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano, bila ya ruhusa ya mahakama. Hupaswa kuleta orodha ya mali na hesabu ya kila mwaka, na jamaa akiona hesabu haziendi sawa, aweza kuomba zichunguzwe. Na mwaka 2021 sheria ya wadhamini ilirekebishwa ili itambue amana ya jamaa, ambayo mzazi aweza kuianzisha angali hai, aione inavyofanya kazi, na kuwarekebisha wadhamini kabla hajafumba macho.

Mpaka hapa tumesema juu ya kushika na kukagua. Lakini karne yetu imeongeza swali la tatu, ambalo Warumi hawakuliuliza kabisa: mwenye mali mwenyewe anataka nini? Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 12 chasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki sawa na wengine ya kumiliki na kurithi mali, na kwamba wasaidiwe kuamua mambo yao badala ya kuamuliwa tu. Tena kifungu hicho chataka kila ulinzi uheshimu mapenzi ya mwenyewe, uwe mbali na mtu mwenye maslahi yanayopingana na yake, udumu kwa muda mfupi iwezekanavyo, na ukaguliwe mara kwa mara na mamlaka iliyo huru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 imefuatwa na nyingine ya mwaka 2025.

Hapa ndipo tulirudie lile kosa la Warumi. Kiziwi hahitaji mlinzi wa mali. Ahitaji mtu wa kumfasiria kwa ishara. Kipofu hahitaji mlinzi. Ahitaji kusomewa hati kwa uaminifu kabla ya kuitia sahihi. Hata miongoni mwa wenye ulemavu wa akili, mmoja hawezi kuelewa mkataba wa kuuza shamba, lakini ajua vema kwamba hataki kuhamishwa kutoka nyumba aliyozaliwa, na ajua ni dada yupi amtendeaye wema. Kumnyang'anya mtu maamuzi yote kwa sababu hawezi moja ni dhuluma, kama ilivyokuwa dhuluma kumpima kwa peni ishirini.

Ewe kijana usomaye, huenda ukafikiri kwamba mambo haya ni ya wazee na mawakili. Sivyo. Darasani mwako hapakosi mwanafunzi ambaye nyumbani kwao yuko ndugu wa namna hii, na siku moja jamaa watakaa barazani na kumwambia, "Wewe umesoma, mshikie nduguyo mali yake." Siku hiyo asikatae, maana ni heshima. Lakini na aseme hivi: "Nitashika, ila iandikwe kwamba si yangu. Wekeni mwenzangu wa kushika pamoja nami. Kila mwaka nitawaletea hesabu. Na kabla ya yote, tumwite ndugu yetu aketi hapa, tumuulize yeye anataka nini."

Jamaa wengine watashangaa, na pengine watamwona kana kwamba hajiamini. Asiudhike. Na alifungue daftari, aandike ukurasa wa kwanza jina la nduguye, na chini yake orodha ya mali, kisha awape mashahidi kalamu watie sahihi.